Betri Haikuuliwa na Redio

Baba watoto,

Lori usiliguse. Fundi wa umeme alikuja ulipoenda kumtuliza mwenye mzigo. Ameondoka na alteneta, atairudisha mchana. ~~Chai yako iko kwenye chupa.~~ Chai nimeibeba, utajipikia.

Sasa sikiliza. Fundi aliunganisha nyaya kutoka kwenye gari lake, lori likanguruma papo hapo. Akaweka mita kwenye betri zetu injini ikiwa inazunguka. Namba haikupanda hata kidogo. Akasema, "Shemeji, betri hazijafa, zina njaa tu. Alteneta haichaji. Mmekuwa mkitembelea akiba." Nikamuuliza kuhusu redio. Akacheka. "Redio ile? Kwa betri za lori?"

Nawe asubuhi umemfokea baba yako mbele ya majirani, eti ameua betri kwa kukaa ndani ya lori akisikiliza mpira redioni. Mzee wa watu alivaa koti akatoka bila kunywa chochote, na simu ameiacha kitandani. Mpaka sasa hajarudi. Nimeshindwa kukaa, geti likilia tu, nachungulia.

Naenda kumtafuta kwa dada yako, nikimkosa nitapita stendi. Watoto wako kwa jirani, kawachukue kabla hawajamvunjia nyumba.

Nikimpata baba, habari ya alteneta nitamweleza mimi. Samahani yako siibebi. Hiyo utaitoa kwa mdomo uleule uliomfokea, na majirani wasikie.

Mkeo, mkamwana wake