Oili Kwenye Breki ya Baba

Jumamosi, Juni 1983. Kahama.

Upepo wa kiangazi unavuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kitandani. Nina uchungu na sijui niupeleke wapi, kwa hiyo nauleta humu.

Saa saba mchana Baba alirudi nyumbani akisukuma pikipiki. Mkono wa shati ulikuwa umechanika na kiwiko kimechubuka vibaya. Alikuwa anapeleka chanjo ya ng'ombe njia ya Ushirombo. Gurudumu la mbele lilianza kuwa zito lenyewe, bila yeye kushika breki, halafu likakataa kabisa kuzunguka. Akaenda chini. Mama alileta maji ya chumvi. Kaka Masanja alileta spana.

Breki hiyo tuliitengeneza mimi na Kaka Masanja. Alhamisi tu.

Kaka Masanja ni mtoto wa baba mkubwa. Amekaa kwetu miaka miwili sasa, anatengeneza baiskeli za watu barazani, na mikono yake inajua chuma kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Ila shule aliachia darasa la nne. Pikipiki yetu Baba aliipata kwa Mzungu mmoja mpima madini aliyekuwa anaondoka Geita, na ilikuja na kitabu chake cha Kiingereza. Kiingereza cha Baba ni cha majina ya dawa za mifugo, basi. Kwa hiyo likizo hii Kaka aliniita uani, akanikabidhi kitabu, akasema yeye atakuwa mikono na mimi nitakuwa macho.

Sikumbuki ni lini mtu alinihitaji hivyo. Shuleni nikiulizwa swali nainama. Pale uani nilisoma kwa sauti, Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili, na mtu mzima akanisikiliza.

Tulifungua kalipa, lile kufuli la chuma linalobana sahani ya breki. Pistoni yake ilikuwa imeganda kwa kutu. Kitabu kilisema tusiichokonoe, tuisukume kwa mafuta yake yenyewe. Kaka akawa anapampu mkono wa breki polepole, mimi nimekinga kitambaa, mpaka ikachomoka kama jino la mtoto. Akaisugua kwa msasa laini. Kijifereji kinamokaa mpira nilikisafisha mimi kwa njiti ya kiberiti, maana kitabu kilikataza chuma. Mipira mipya miwili Baba alikuwa ameingoja kutoka Mwanza miezi minne. Niliiweka mahali pake kwa vidole, na Kaka akasema nina mikono ya fundi.

Siku nzima nilitembea na neno hilo. Sioni aibu kuandika.

Shida ilikuja wakati wa kutoa upepo ulionaswa ndani ya bomba la breki. Mafuta ya breki yalikuwa nusu kopo, yakaisha kabla mkono wa breki haujawa mgumu. Madukani hayapo, hata sabuni siku hizi tunaipangia foleni. Nikamsomea Kaka ukurasa ule: usitumie mafuta ya aina nyingine, yataharibu mipira. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akacheka, akaenda kwa jirani yetu dereva wa lori, akarudi na oili ya injini kwenye chupa. Mpya kabisa, rangi ya asali.

Na hapa lazima niandike yote.

Nilikunja karatasi ya daftari ikawa mrija wa kumiminia, nikaushika mimi mwenyewe. Nilijua. Nilikuwa nimetoka kuyasoma maneno yale kwa mdomo wangu. Lakini alikuwa ameniita fundi, na sikutaka siku ile iharibike.

Leo Baba alifungua kikombe cha mafuta ya breki pale kwenye usukani, akachovya kidole, akanusa. Akauliza ni nani aliyeweka oili humu.

"Ba'mdogo, mimi Kiingereza sijui," Kaka alisema. "Nilifuata alichosoma Kabula. Alisema oili yoyote inafaa."

Hakuniangalia.

Baba ndiye aliyeniangalia. "Miaka mitatu ya sekondari," akasema, "na ukurasa mmoja umekushinda." Akachukua kitabu, akakifungia kabatini.

Nikainama, kama shuleni.

Baadaye nilimfuata Kaka nyuma ya jiko. Nilimuuliza jambo moja tu, kama nilimsomea au sikumsomea.

"Ulisoma, mdogo wangu. Tena mara mbili," alisema, kwa upole, kama anambembeleza mtoto. "Lakini wewe ni binti yake, atakusamehe. Mimi Jumatatu ananipeleka karakana ya serikali kuniombea kazi. Akijua ni mimi, ndio basi, baiskeli mpaka nizeeke."

Afadhali angesema amesahau. Ningeweza kuishi na mtu aliyesahau.

Nilikaa nikichambua mchele huku nikimhurumia. Kweli, nilimhurumia. Nikajiambia nibebe tu, likizo iishe, nirudi bweni, yatapita. Halafu nikawaza karakana ile inatengeneza nini. Malori. Magari ya wagonjwa. Siku mafuta ya breki yatakapokosekana, na yatakosekana, Kaka atamimina chochote kilichopo, na atatafuta wa kumsingizia.

Kusema sikuweza. Nikaandika. Mistari sita: nilichosoma, alichomimina, na kwamba mrija niliushika mimi. Nikaipeleka kwa Baba pamoja na chai ya saa kumi, nikasimama hapo hapo wakati anasoma.

Alimwita Kaka, akamsomea mistari yote sita. Kaka akatazama chini. Baba hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba Jumatatu hawaendi popote, na kwamba habari ya karakana asiiulize mpaka yeye mwenyewe aianze.

Nikafikiri yamekwisha. Akanigeukia.

"Na wewe, Kabula. Ulijua, ukaniacha nipande."

Nilichukua kikombe chake cha chai, nikatoka.

Kaka alinipita mlangoni. "Wabeja, mwalimu," akasema. Asante, mwalimu. Kwa sauti ile ile aliyonisifia mikono. Sasa yuko uani anaifungua kalipa upya peke yake, nasikia spana, na hajaniita. Mipira imevimba kama midomo ya mtu aliyeumwa na nyuki, ndiyo iliyozuia breki isiachie. Niliichungulia dirishani.

Nilidhani ukisema kweli unakuwa mwepesi. Mimi sijawa mwepesi. Aliyeniuza ni yeye, na leo anatembea kama aliyeuzwa na mimi, na Baba ana haki ya kutuona sote wawili sawa.

Kesho asubuhi, kabla ya kwenda misa, nitawaamkia. Baba kwanza, kisha Kaka. Kaka asiponiitikia, Jumatatu nitamwamkia tena.