Kule Hakuna wa Kuambiwa

Kambi ya reli, Ngerengere
14 Januari 1907

Dada yangu Mwaisha,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vumbi limenipa kikohozi. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na mguu wa mama umepungua uvimbe.

Habari ya hapa ni kwamba nimepewa unyapara. Nina watu thelathini, tunapasua kilima ili reli ipite kuja huko Morogoro. Bwana wa kambi, Mjerumani, kila jioni anapima kwa kamba tulipofika, na ikipungua hunitukana mbele ya watu. Kwa hiyo siwadekezi. Anayekaa chini namchapa. Hata hivyo mwezi huu wamenitoroka tisa, na wa tisa ni mumeo Yunusi. Dada, shemeji yangu mwenyewe kunitoroka ni kunivua nguo. Mwambie arudi kabla bwana hajaniuliza jina lake.

Ni mimi mdogo wako,
Stambuli

Bigwa
22 Januari 1907

Mdogo wangu Stambuli,

Marahaba. Watoto wazima, mama sasa anafika mtoni na kurudi.

Yunusi alifika Ijumaa. Nilipompelekea maji ya kuoga niliuona mgongo wake. Sikumuuliza nani kampiga, maana barua yako ilikwisha kuniambia. Nilimuuliza kosa. Akasema aliharisha siku tatu, akawa anakwenda kichakani kila mara, ukamwita mvivu.

"Mbona hukumwambia shemeji yako kuwa unaumwa?"

Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Kule hakuna wa kuambiwa."

Harudi. Wala mimi sitamwambia arudi.

Dada yako,
Mwaisha

Ngerengere
11 Aprili 1907

Dada yangu,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya. Barua yako ilinikasirisha, nikaikunja nikaitupa sandukuni. Nawaombea afya nyote.

Juzi Jumanne kilima kilituporomokea. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Tulifukua kwa mikono hadi jua likatua, tukamtoa Petro, mtu wa Mgeta, amekwisha kufa. Agustino, wa kwao, ndiye aliyemsomea sala.

Baada ya kumzika niliuliza ilikuwaje. Agustino akasema, "Nyapara, ufa tuliuona tangu Jumamosi. Ulikuwa unaingia mkono."

"Mkanyamaza?"

"Pazi alikuambia mpini wa sururu umelegea, ukamchapa kwamba anachelewesha kazi. Huo ufa nani angekuja kukuambia?"

Jana nimeitoa barua yako sandukuni, nimeisoma upya. Dada, watu hawa niwaongozeje? Niambie, au muulize Yunusi, kama atakubali kulisikia jina langu.

Mdogo wako,
Stambuli

Bigwa
19 Aprili 1907

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa msiba. Huku hatujambo, mahindi yanakwenda vizuri.

Ya reli siyajui. Nilimuuliza Yunusi, akamaliza kula kwanza. Kisha akasema, "Asubuhi aulize kabla ya kuamuru. Na atakayemwambia neno baya asichapwe. Wala si kwa siku moja tu. Watamjaribu kwanza."

Hilo ni lake.

Langu ni hili: Petro ana mama. Habari asiipate njiani kwa wapita njia. Mwandikie padre wao amsomee, na kosa lako ulitaje.

Dada yako,
Mwaisha

Ngerengere
20 Mei 1907

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia nimelala kifudifudi, usishangae mwandiko. Nyote hamjambo?

Padre nimemwandikia, na kosa langu nimelitaja. Jibu halijaja.

Kila asubuhi niliwauliza watu, "Leo mmeona nini kibaya?" Juma la kwanza hakuna aliyefungua kinywa. Juma la pili Pazi, yule niliyemchapa kwa ajili ya mpini, akasema maji ya kunywa yananuka. Asubuhi hiyo bwana alikuwa amekwisha kunitukana, na mkono ukaniwasha. Nikajizuia. Nikatuma wawili wakachote juu zaidi mtoni. Kuanzia hapo wakaanza kusema: huyu ana homa, yule sururu yake mbovu. Mengine ya upuuzi, lakini niliyasikiliza. Tangu Pazi aseme, hajatoroka mtu.

Alhamisi Agustino akanionyesha ufa mpya. Nikawatoa wote. Bwana akaja mbio.

"Warudishe ndani."

"Bwana, huu ukuta utaanguka."

"Nyapara ni wewe au wao?"

"Ni mimi. Ndiyo maana siwarudishi."

Nikalazwa chini, nikachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na unyapara nikavuliwa. Akapewa Agustino, akaamriwa awaingize. Agustino akaenda akakaa juu ya kifusi. Pazi akakaa. Wakakaa wote. Bwana alizunguka na kiboko chake, asijue aanze na nani. Kesho yake likaja bwana lao kubwa, likautazama ukuta, likaamuru ukatwe uwe mteremko kuanzia juu. Hakuna aliyeniomba radhi.

Sasa mimi mbeba udongo. Jana asubuhi Agustino alituuliza kama kawaida, akafika kwangu. Dada, nilikuwa na homa, vidonda vimetunga usaha, lakini ulimi ulikuwa mzito. Niliogopa. Mimi! Mwishowe nikamwambia. Akanipa ruhusa nilale.

Mdogo wako,
Stambuli

Bigwa
27 Mei 1907

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakuombea dua kila sala. Hatukumweleza yote.

Barua yako nilimsomea Yunusi. Akataka nirudie pale pa hamsa ishirini. Nikadhani anafurahi, Mungu anisamehe. Alfajiri akapanda mlimani, akarudi na majani na mizizi aliyotumia yeye, akavitwanga kwa mkono wake. Nikamkumbusha kwamba jina lake bado limo katika watoro. Akasema Agustino anamfahamu, hatamtaja.

Nilitaka dawa niipe wapagazi waje nayo. Akakataa. Anasema inachoma kuliko kiboko chenyewe, na hakuna mtu anayeweza kujipaka mgongo wake.

Basi aliyekupa barua hii mkononi ni yeye. Mkaribishe ndani akae.

Dada yako,
Mwaisha