Shavu la Nne

Mtaa wa Msimbazi, Dar es Salaam
20 Novemba 1933

Kaka yangu Hamud, shikamoo.

Baada ya kukuamkia, pokea salamu za huku. Mimi na Ami Abdulla tu wazima, ila mvua za vuli zimetufungia dukani na unga umeanza kuota kuvu. Najua barua hii unamsomea Mama hapo uani, basi nawe Mama, shikamoo. Goti linaendeleaje? Yale mafuta niliyokupelekea yamekufaa?

Mliuliza alasiri huwa napotelea wapi. Najifunza kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta, kwa Bibi Candida, mama wa Kigoa anayekaa nyuma ya duka letu. Kwake mwanafunzi hachori cha kwake mpaka anakili kazi ya bingwa. Akanipa picha iliyochapwa ya ajuza wa Kizungu mwenye kitambaa kichwani, kazi ya fundi wa Ulaya aliyekufa zamani, akaniagiza niifuate vile vile, nisizidishe wala nisipunguze.

Hiyo ilikuwa masika. Nikapiga miraba ya kupimia kwa mkaa, nikatandika rangi ya kahawia, kisha nikangoja. Rangi ya mafuta wakati wa mvua hukauka wiki nzima, nami mnanijua, sikuumbiwa kungoja. Kila siku nilitia kidole, mpaka bibi akanipiga mkono na kuniuliza kama nimekuja kuchora au kuonja mchuzi. Shavu ndilo lililonitoa jasho. Mara tatu nililichora, mara tatu nikalikwangua.

Kaka, hapa nyamaza. Yanayofuata yasome kimoyomoyo. Mwambie Mama wino umelowa mvua.

Shavu la nne lilikuwa la Mama. Nilichoka kushindwa, nikafumba macho, nikamwona anavyoinamia ungo akipepeta mchele, nikalipaka. Likakubali. Basi sikuweza kuacha. Pua ikafuata, midomo, nywele zinazotokeza kwenye paji, hata lile baka la kuungua kidevuni. Bibi Candida, ambaye hamjui Mama, alisema huyu ajuza sasa anapumua. Akaiweka ukumbini ikauke, na Mzungu mmoja wa serikali akaiona akainunua. Nilikuwapo, Kaka. Nilisifiwa nikachekelea, nikamwacha aondoke nayo.

Mama, ambaye hata fundi wa paa akija hujifungia chumbani, miezi sita anatazamwa na wanaume asiowajua, wakivuta sigara. Tangu hapo sina raha. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui niende wapi.

Juzi Bibi Candida alinituma Uzunguni kuipaka vanishi, ile dawa ya kuing'arisha na kuilinda, maana picha ya mafuta haipakwi mpaka miezi ipite. Mzungu mwenyewe yuko safarini. Severine, mpishi wake, akaniacha peke yangu sebuleni. Nikatoa rangi nyeusi niliyoificha mfukoni nikamvika Mama buibui: nywele, mashavu, midomo, na lile baka. Macho sikuweza. Mkono uliinuka mara mbili ukashuka. Yalikuwa yakinitazama kama siku nilipomuaga nami nikamdanganya kuwa naja huku kujifunza biashara tu. Nikafunga kopo langu nikatoka. Mzungu akirudi, huenda Bibi Candida akanifukuza, na kufukuzwa kukawa ndiko kudogo.

Nimeandika hadi hapa, nikasimama, nikazunguka soko zima, nikarudi. Kaka, nimebadili nia. Nimemficha Mama mengi, na sasa nimekuingiza nawe katika uongo wa wino na mvua. Rudi pale nilipokwambia unyamaze, umsomee kwa sauti, usiruke neno, hata pale pa macho. Kisha niandikie alichosema. Na kama hakusema kitu, niandikie alinyamaza muda gani.

Ami anawasalimu nyote, na Dada Zamda mpe mkono wangu. Dua zenu nazihitaji kuliko siku zote.

Mimi mdogo wako asiyetulia,
Humoud