Besi Imerudia Bluu Yake

Kindu, Mikelenge, tarehe 9 Machi 2024

Kwa yaya yangu mupenzi, kaka mukubwa Blanchard,

Jambo, yaya, na jambo tena kwa wifi Josiane na watoto wote. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, mugongo umepoa, na ile baridi ya Lubumbashi unayoilalamikia kila mwaka bado haijaanza. Sisi huku tuko, tunashukuru Mungu. Bwana yangu Florentin anafundisha bado. Nywele zimeisha lakini sauti iko. Lualaba imejaa, mvula haitupi nafasi hata ya kuanika kitenge kimoja, na majani ya sombe sokoni yako tele. Ukiuliza juu yangu, niko muzima. Ni mikono tu imepasukapasuka, na sababu utaisoma hapa chini.

Najua utashangaa kwa nini nakuandikia karatasi kama wazee wa zamani, na simu iko. Yaya, mimi na wewe tunajuana. Kila nikitaja jina la Sudi, unasema mutandao ni mubaya, unakata. Karatasi haikatiki. Basi kaa chini, uvae miwani, usome mupaka mwisho hata ukikasirika njiani.

Kazi uliyonipa wakati wa Noeli nimeimaliza. Ulisema Falone, kitinda mimba wako, amekaza roho anataka kupiga gita ya besi kwenye korali, na wewe, baada ya miaka yote hii, umekubali besi yako itoke chini ya kitanda cha marehemu Mama. Lakini uliweka sharti: itolewe kwanza ile rangi nyeusi, uliyoiita rangi ya aibu, irudie bluu yake. Ukanikataza kuipeleka kwa fundi. Ulitaka niifanye mimi mwenyewe, hapa nyumbani, kwa sababu ulisema besi ile imekwisha kuzunguka mikononi mwa watu. Neno hilo lilinichoma, nami nitalirudia.

Nilianza kwa kuifungua. Nilitoa nyuzi zote nne, nikafungua skrubu za shingo, nikatoa vitufe vya sauti na ile sumaku inayosikia nyuzi. Kila waya niliifunga kitambaa na kuandika inatoka wapi, maana najijua. Mwili ukabaki peke yake mezani, mweusi kama chini ya chungu, nikauonea huruma. Halafu nikaona ile rangi si ya muchezo. Ni rangi ya mabehewa. Marehemu papa Kabongo, jirani yetu aliyefanya kazi ya reli, njo alitoa kopo lililobaki nyumbani kwake. Rangi iliyozoea mvula na jua la njia nzima, itaogopa kisu changu cha jikoni? Nilikwangua siku mbili, nikapata sehemu sawa na kiganja. Wanafunzi wa Florentin wakipita barazani wananiuliza kama ninapaa samaki. Musasa nao ulikuwa unajaa rangi na kuteleza tu. Jirani mumoja akanishauri nipake mafuta ya taa, niyaache mupaka asubuhi. Nikafanya. Asubuhi besi iling'aa kuliko siku ya kwanza! Nilicheka peke yangu mupaka machozi yakatoka.

Sasa, yaya, usitupe karatasi. Aliyeniokoa ni Sudi, huyo huyo rafiki yako, mupiga gita ya solo wa kundi lenu. Alisikia ninachofanya, akaja na fimbo yake, akaketi, akatazama kopo la mafuta ya taa, akauliza kama nilitaka kuipaka rangi au kuikaanga. Kisha akaniambia nitie makaa kwenye pasi, nitandike kitambaa cha zamani juu ya rangi, nipitishe pasi polepole, na nikwangue nyuma yake ingali moto. Loo! Rangi ikaanza kujikunja yenyewe, kama ganda la ndizi iliyochomwa. Tulifanya hivyo siku tano. Sehemu moja karibu na kamba ya bega niliikawiza pasi, ubao ukaungua kidogo. Nimepaziba na mastiki, lakini nakuambia kabla hujapaona, maana macho yako nayajua.

Siku ya tatu ya pasi, bluu ikatokea wazi. Niliacha kisu. Ile bluu uliyoichanganya mwenyewe mwaka wa tisini na tano, rangi ya milango ya kanisa na nyeupe kidogo, Mama akagomba siku nzima kwa sababu uliikorogea kwenye sufuria yake ya kusongea bukari. Na pale juu, mukono wako wa kuume unapolalia ukipiga, bluu ilikuwa imelika mupaka ubao. Nilipapanguza na kanga yangu, nikaita Sudi apaone. Alitazama sana, akaomba maji ya kunywa.

Kupaka kulikuwa na vituko vyake. Niliining'iniza kwa waya chini ya baraza. Mukono wa kwanza wa rangi, nzi wawili wakanasa. Wa pili, pikipiki ikapita na vumbi lake lote. Wa tatu, mujusi aliitembelea kutoka juu mupaka chini, ukahesabu kila kidole. Kila mara musasa mwembamba, kufuta, kuanza tena. Wa nne njo ulikubali. Sudi aliunga waya zote na bati lililoyeyushwa kwa moto. Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo nilimushika kifundo akiwa anaunga. Yaya, Sudi ni mugonjwa. Ni moyo. Miguu imevimba, hatua kumi anapumzika. Na kila siku kabla ya kuondoka aliniuliza neno moja tu, kama Blanchard hajambo. Nilikuwa najibu kwamba hujambo, naye anasema vizuri, anashika fimbo yake.

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya nichukue kalamu.

Mwaka wa elfu mbili na mbili, wewe ulikuwa ng'ambo, upande wa Kalima kwa wazazi wa wifi, na mimi na Mama tulikuwa huku. Hukuona namna muji ulivyofungwa na vita. Treni haikuja, njia za mashamba zilikatika, waliokwenda kutafuta muhogo wengine hawakurudi. Chumvi tulipimiana kwa kijiko cha chai. Mama aliniachia chakula chake akidai amekwisha kula kwa majirani, na hao majirani walikuwa wanachemsha majani. Miguu yake ilivimba, nywele zikawa nyekundu kama za mutoto mwenye njaa. Alisema ni uzee. Alikuwa na miaka hamusini na nne.

Wakubwa wa askari walitaka dansi kila Jumamosi. Walikusanya wanamuziki wote waliobaki, na malipo yalikuwa muchele, maharagwe, chumvi. Walikosa besi. Waliambiwa ile ya bluu, ya Blanchard, imebaki muji huu, wakamuuliza Sudi. Sudi alikuwa amekuahidi kwamba haitatoka nyumbani mupaka urudi. Akawajibu kwamba ulivuka nayo muto. Walimupiga, yaya. Mugongo wake niliuona kwa macho yangu, nilipomupelekea majani ya kumukanda. Huyo njo muntu unayesema aliuza besi yako.

Aliyeitoa ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu utoto nilikushikia taa ukijifunza nyimbo, na ukitoka nilikuwa naipiga kavu, bila umeme, sikio juu ya ubao. Wewe hukujua, ulidhani nyuzi zinalegea zenyewe. Niliipaka nyeusi pale jikoni, mimi, ili muntu yeyote asiitambue, asiseme Blanchard anawachezesha wale watu, na maadui wao wakakulipisha wewe huko ng'ambo. Nikavaa suruali yako, kofia mupaka machoni, nikaenda kwa Sudi. Alipoelewa, alilia. Alinifukuza. Nilimuomba aje kwanza aone miguu ya Mama. Akaja, akaona, hakunifukuza tena.

Miezi mine nilipiga. Sudi aliwaambia mimi ni mudogo wake, bubu tangu kuzaliwa, ili nisifungue kinywa. Kila Jumamosi alisimama mbele yangu na gita yake muntu asinitazame vizuri, na kila Jumamosi alinisindikiza mupaka mulangoni, akangoja asikie Mama anafunga komeo. Hakuna aliyenigusa hata ukucha. Muchele ule njo ulimurudisha Mama. Ile miaka tisa aliyoishi baadaye, ile aliyokupigia simu kila Siku Kuu akikuombea, ilitoka kwenye nyuzi zile.

Amani iliporudi ukaja, watu wakakuambia besi yako ilipakwa nyeusi ikapigwa katika kundi la Sudi. Uliikataa palepale. Na pale gare, siku unapanda treni, Sudi alikunyooshea mukono, wewe ukatia wako mufukoni. Mimi nilikuwa nimekubebea muzigo. Nilifungua kinywa; Sudi akanitikisia kichwa. Nilikuwa nimechumbiwa na Florentin, na familia yake ya Kasai ni watu wa sala. Musichana aliyekaa miezi mine kati ya askari, nani angeamini kwamba ni vidole tu vilivyofanya kazi? Na Mama naye alinisihi. Alisema ukijua tulikula nini wakati hupo, hutajisamehe kamwe kwamba ulivuka. Afadhali umukasirikie Sudi. Kwa hiyo tulimutwika Sudi aibu yote, naye akakubali, na tangu siku ile hajadai lolote. Mimi nilivaa vazi la harusi juu ya jina lake. Naona haya, yaya. Nimeona haya kila siku.

Florentin nilimuambia wiki iliyopita. Alivua miwani, akasema anajua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, kwamba nikilala vidole vyangu vinapiga besi kwenye mugongo wake, na mwanamuke hajifunzi vile kwa kutazama. Alikuwa anangoja nimuambie mwenyewe. Miaka ishirini anangoja! Nililia kwenye bega lake mupaka shati likalowa.

Ulisema besi imezunguka mikononi mwa watu. Hapana. Juu ya rangi nyeusi palikuwa na pahali pengine palipolika, chini kidogo ya pako, kwa sababu mimi ni mufupi. Ni mukono wangu. Nilipatambua siku ya kwanza, nami mwenyewe njo nimepakwangua. Tangu uiache ni mikono yangu tu iliyoipiga. Sudi hakuwahi kuigusa mupaka mwezi huu, alipounga zile waya, na hata hapo aliniuliza kwanza kama Blanchard atakubali. Na Falone, usijiulize tena hamu ya besi ameipata wapi. Muambie ana shangazi.

Nilipomuambia Sudi kwamba nitakuandikia, alikataa, akaogopa nyumba yangu itavunjika. Nikamujibu nyumba imekwisha kujua. Hapo akaniuliza tena kama hujambo.

Besi nimeifunga kwenye blanketi mbili, imepanda treni leo; unajua treni yetu, labda mwezi, labda zaidi. Barua hii nimemupa Mbelu, binti wa korali yetu, anayekuja Lubumbashi na ndege Jumanne, kwa sababu daktari amemuambia bibi, muke wake Sudi, awaite watoto. Besi inaweza kungoja. Sudi hawezi.

Nambari yake iko nyuma ya karatasi hii, nimeiandika kubwa. Saa tisa muchana huwa macho, na bibi yake atamushikia simu sikioni. Mimi usinipigie kwanza. Mimi utanigomba baadaye, niko, sitakimbia. Na ukikosa la kusema, muambie tu kwamba hujambo, maana ni hilo anauliza.

Utusalimie wifi na watoto, umukumbatie Falone kwa niaba yangu. Florentin anakusalimia kwa heshima. Mungu akutie nguvu unapofika kwenye mustari huu, na anisamehe mimi niliyekuchelewesha kuufikia.

Mudogo wako anayekupenda,

Victorine Onema