Mkungu wa Ndizi Uliogomesha Bima ya Mama

Mapera,
Mbinga.
16 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Scholastica,

Pokea salamu za nyumbani. Shemeji Aidan hajambo? Watoto wanaendelea vizuri na shule? Sisi huku ni wazima, isipokuwa migongo. Kahawa imeiva, tunachuma. Barua hii nampa Hyasinti anayekuja huko Dodoma, maana nikikupigia simu mama hukaa ubavuni pangu akisikiliza.

Mama anakusifu mno. Tangu umwingize kwenye bima yako, akaanza mazoezi ya mgongo pale kliniki Mbinga, hatusali jumuiya bila yeye kukushukuru kwa jina. Mimi ninayemsindikiza, ninayemkanda kiuno kila asubuhi na kumnyoosha miguu kama tulivyofundishwa, naitikia Amina pamoja na wenzangu. Naona wivu, Schola. Nimeuficha mpaka nimechoka.

Sasa bima imekataa kulipia. Wao hulipia vipindi vichache, kisha mtaalamu wa mazoezi anatoa taarifa kama mgonjwa bado anahitaji tiba. Siku ya kupimwa, mama akasema hawezi kwenda mikono mitupu kwa mtu anayemtibu. Mkungu wa ndizi niliubeba mimi, kutoka nyumbani hadi kwenye gari, na kutoka stendi hadi kliniki. Tulipofika mlangoni akautaka. Nikakataa.

"Lete hapa," akasema. "Hii ni shukrani ya Schola, nitaipeleka mwenyewe."

Akajitwika, akaingia amenyooka kama msichana anayetoka kisimani.

Mtaalamu alifurahi sana. Akaandika kwamba mgonjwa anabeba mizigo kichwani, amepona. Nilipotaka kueleza, mama akanikazia macho nisimharibie zawadi yake. Kesho yake hakuweza kuinuka kitandani.

Pale kliniki wanasema daktari wa hospitali ampime upya na kumwandikia tena, na wewe mwenye kadi ukaulize ofisi ya bima huko. Niliulizia na mgongo wangu, ulioharibiwa na mashimo yale yale ya ngolo, kilimo chetu cha mlimani, niliyochimba na mama shambani. Nikaambiwa dada hahesabiwi kuwa mtegemezi. Basi, yangu yaishie hapo.

Nikuambie ukweli. Tangu bima igome, mama ananiita mimi tangu jogoo la kwanza, na juzi kwenye jumuiya alinitaja mimi. Nilifurahi hadi nikatamani nisikuandikie. Lakini jana nilimkuta analia, ameshindwa kujifunga kitenge. Kwa hiyo fuatilia, mdogo wangu, tena upesi.

Msalimie sana shemeji, Glorious na Stephano. Baba mdogo Wendelin anawasalimu wote. Mungu awalinde, awaachie migongo yenu salama hadi uzeeni.

Mama akipona atakushukuru wewe, najua. Nitaitikia Amina.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na wivu wangu,
Benadetha.