Kanzidata ya Marehemu Inanisalimia Kila Asubuhi

Mpendwa Bi Kudra, shikamoo. Naomba msaada wako, tena usinicheke, maana nikimweleza mtu hapa Kilwa Masoko ataona nimerukwa na akili. Mimi ni kijana wa Newala, nimeletwa huku kutunza seva za shirika moja la afya, ni seva tatu zilizounganishwa zikafanya kazi kama moja, ndani yake kuna mifumo ya zahanati zetu zote, na pia kuna kanzidata ya zamani ya chanjo za watoto aliyoitengeneza Mzee Yahya, ndiye aliyenipokea na kunifundisha kazi, alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Sasa hiyo kanzidata imezeeka, inakula nafasi, mfumo mpya unakwama na kina mama wanakaa kwenye mabenchi na watoto mgongoni wakisubiri kompyuta ifunguke, na bosi wangu Dominick ameniambia niiondoe upesi. Shida ni kwamba marehemu aliitegesha kila asubuhi initumie ujumbe kwenye simu kuonyesha kwamba inafanya kazi, na kwa utani wake aliandika, "Mtani, nimeamka. Umekunywa chai?" Bi Kudra, hapa sina ndugu, chumba cha seva ni baridi na kelele za feni, naweza kumaliza siku nzima sijaongea na mtu, na ule ujumbe ndio salamu yangu ya pekee, wakati mwingine naujibu, "Bado, mzee." Juzi nilijikaza nikaizima, nikaenda nyumbani nikalia kama mtoto, asubuhi simu ikaita: "Mtani, nimeamka." Niliogopa, halafu nikafurahi, na tangu hapo sijaigusa tena, kila Dominick akiuliza namwambia kesho. Nifanyeje? Nikiifuta vibaya rekodi za watoto zitapotea, nikiiacha kina mama wanateseka, na nikiiondoa nitabaki peke yangu kabisa.

Jerome, Kilwa Masoko

Marahaba, Jerome, na pole sana kwa msiba. Sikucheki. Ila nitakugombeza kidogo, vumilia.

Kwanza, hakuna mzimu hapo. Nimemuuliza Consolata, anayetunza seva za gazeti letu. Anasema uliizima bila kuziarifu seva nyingine, zikadhani imeanguka, zikaiinua. Ndiyo kazi ya seva zilizounganishwa. Itoe kwanza kwenye orodha ya mifumo ambayo seva hizo zinailinda, kisha uizime, na uiache imezimwa mwezi mzima kabla ya kufuta chochote. Lakini kabla ya hayo yote chukua nakala, iweke nje ya seva hizo, ifungue kwenye mashine nyingine uyaone majina ya watoto kwa macho yako. Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiitegemee.

Halafu, wewe mtoto, msibani kabla ya kuzika si huulizwa nani anamdai marehemu? Mbona wewe ulitaka kuzika kimyakimya? Tazama ni zahanati zipi bado zinaitumia hiyo kanzidata, na usiishie kupiga simu, panda gari uende. Miteja, Nangurukuru, kokote. Kaa na wauguzi, waulize bado wanachota nini humo, wahamishie kwenye mfumo mpya. Utarudi umeongea na watu, na hakuna zahanati itakayofungua mlango asubuhi ikakuta haina rekodi.

Dominick naye mwambie ukweli. Hizo "kesho" zako zinawakalisha wale kina mama benchini. Mfiwa husamehewa mengi, lakini si hilo.

Sasa lile lililoniuma. Umenieleza feni, umenieleza baridi, lakini hukutaja kama Mzee Yahya aliacha mke. Nilikupigia kwa namba uliyoniandikia, ukasema yupo, Bi Batuli, mtaa wa pili tu kutoka kwako, na hujakanyaga kwake tangu arobaini kwa sababu hujui utamwambia nini. Jerome! Muda wote huo unaijibu mashine, na mama aliyekuwa akiipika chai yenyewe humjulii hali. Unadhani upweke umekupata wewe peke yako?

Siku utakayoizima, asubuhi yake simu itanyamaza, na itauma, sikufichi. Usikae kitandani kuisikiliza. Nunua vitumbua vya moto, nenda kwa Bi Batuli, piga hodi. Akifungua mlango usihangaike kutafuta maneno, marehemu alishakuachia. Muulize kama amekunywa chai.