Mashine Uliyosema Umeivunja Wewe

Kaka yangu Nassor,

Huko Maskat mnaamkaje? Sisi wazima. Nina jambo nimelikalia miaka thelathini, na nalisema hadharani, kwa barua hii ya wazi, kwa sababu na uongo wenyewe ulikuwa hadharani, mtaa mzima uliusikia.

Leo asubuhi pale chuoni Tunguu nimeanza somo jipya, historia ya michezo ya video. Nimewaeleza wanafunzi kwamba michezo ya mwanzo ilichezwa na watafiti, kwenye kompyuta zilizojaa chumba kizima. Baadaye ukaja ule wa vijiti viwili vinavyorushiana kidoti cha mwanga, watu wakapanga foleni kutia sarafu. Kisha mashine zikaingia majumbani, kila mchezo na kaseti yake. Nikajisifu kwamba na sisi tulikuwa nayo. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, ya kwenu iliishia wapi?" Nikababaika, nikasema iliharibika tu.

Iliharibika tu! Mtu mzima mimi, bado nadanganya.

Ami, ndugu yake Baba, aliileta mashine ile kutoka huko huko Maskat, ukaiunganisha na televisheni ya Baba. Ukanikubali nicheze na wewe, ingawa nilibonyeza kila kitu kwa pamoja. "We Zuwena, unafua nguo?" Kaseti ikigoma unaipuliza, inawaka. Siku moja kabla ya Idi ikagoma kabisa, ukatoka kwenda Darajani kutafuta fundi. Mimi na akili zangu za miaka minane nikaona dawa ninayo. Mama alikuwa anafukiza nguo za sikukuu. Nikaiweka na mashine juu ya chetezo chenye makaa, nikaifunika kanga moshi wa udi usipotee. Nilitaka uikute inanukia. Plastiki ikayeyuka, waya zikashikana.

Baba aliporudi, wewe ulikuwa umeshafika na kuiona, na kabla sijafungua mdomo ukasema, "Nimeivunja mimi." Fimbo ukazila wewe. Na ulipoomba kwenda kujifunza ufundi wa redio, akakataa: "Chake kimemshinda, ataaminiwa vya watu?" Akakupeleka huko Maskat, dukani kwa Ami. Mimi nikasomeshwa kompyuta. Nimekalia nafasi yako, kaka yangu, na roho inaniuma.

Alasiri hii nimemkalisha Baba nikamweleza yote. Akaweka kikombe cha chai chini. Nilingoja anifokee.

"Alijua kama nitampiga?"

"Naam, Baba. Alijua."

Akavua miwani, akafuta macho kwa ncha ya kanzu. Nikampa simu akupigie, akaisukuma. Kasema sauti itamshinda, niandike mimi. Unatujua sisi, radhi anaiomba mtoto kwa mzee wake, na tangu nizaliwe sijamsikia Baba akiitamka kwa yeyote kati yetu. Haya ndiyo maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza:

"Nassor, mwanangu, niwie radhi."

Nami nipo nyuma yake, naiomba hiyo hiyo.

Mdogo wako,
Zuwena